Mahali pa Kupunga Upepo: Historia ya Viwanja vya Wazi vya Nairobi

Msomaji, mtu aliyekwisha kula chakula chake cha Jumapili huwa na haja ya kitu kimoja zaidi, nacho ni mahali pa kukaa. Kwa mtu wa shamba haja hiyo si kitu, maana mwembe aliopanda babu yake uko palepale, na kivuli chake hakitozwi kodi. Lakini kwa mkazi wa jiji jambo hili ni zito. Mchukulie mtu akaaye Kawangware, upande wa magharibi wa Nairobi, karibu na kituo kiitwacho Hamsini na Sita kwa sababu ya nambari ya matatu ziendazo huko. Nyumba yake yaelekea kuwa ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, chenye kitanda, jiko, ndoo za maji na watoto watatu. Ua ni wa wapangaji wote, na kamba za nguo zimeutanda. Mtu huyu akitaka kuzungumza na rafiki yake maneno ya faragha, au kusikilizana na binti amtakaye kumposa, au kukaa tu akitazama mawingu yapitavyo, atakwenda wapi?

Swali hilo laonekana dogo, na wengi waandikao historia hulipita bila kuligeukia. Nataka tulifuate kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja, maana katika Nairobi swali hili limezua kesi mahakamani, mapigo ya rungu, na mara kadhaa ushindi ambao hakuna aliyeutazamia.

Miji ya pwani ilipewa jibu lake na Mungu mwenyewe. Mtu wa Mombasa akichoka na joto la nyumba hutembea mpaka ukingo wa bahari upande wa Likoni, penye mibuyu mikongwe, katika barabara iliyoitwa zamani Azania na ambayo baada ya uhuru ikapewa jina la Mama Ngina. Hapo hununua dafu, au viazi karai, au mihogo iliyonyunyiziwa pilipili na ndimu, akakaa kutazama meli zikiingia bandari ya Kilindini, nazo hupita karibu hata waweza kuyasoma majina yake. Mtu wa Unguja ana Forodhani, bustani iliyotengenezwa katika miaka ya 1930 kuadhimisha miaka 25 ya ufalme wa George V wa Uingereza. Wafalme wamesahaulika, masultani wamekwenda zao, ila mishikaki ingali ikichomwa pale kila magharibi. Mtu wa Dar es Salaam ana ufuko wa Coco. Sisemi kwamba pwani hakuna ugomvi wa ardhi. Fukwe zaweza kuzungushiwa ukuta, na nyingi zimezungushiwa na wenye mahoteli, lakini upepo wa kusi hauulizi hati ya kiwanja.

Nairobi haina bahari. Ina mito myembamba, na jina lake lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapo tarehe 30 Mei 1899, mahali penye kinamasi palipochaguliwa na wahandisi kwa sababu palikuwa tambarare, pana maji, na mbele yake ndipo njia ilipoanza kuupanda mlima. Palichaguliwa kuwa ghala la vyuma na makaa. Hakuna aliyekusudia kuwaleta watu waishi hapo wakafurahi. Kambi ikawa kijiji, kijiji kikawa mji, na kabla watu hawajajua, mji ulikuwa umekwisha gawanywa kwa rangi. Wazungu walitwaa vilima vya magharibi na kaskazini penye hewa nzuri. Wahindi walipewa eneo la maduka na sehemu za kaskazini ya mji. Waafrika walielekezwa upande wa mashariki, nyanda za udongo mweusi ng'ambo ya reli, ambako mvua ikinyesha viatu hubaki matopeni na mguu ukatoka peke yake.

Starehe nayo iligawanywa vivyo hivyo. Mwaka 1906 ulianzishwa uwanja wa gofu wa Nairobi, ambao baadaye ulipewa heshima ya kuitwa wa kifalme. Klabu ya Muthaiga ilifunguliwa usiku wa mwisho wa mwaka 1913. Mashindano ya farasi yalikuwapo tangu mwanzo, nayo yakahamishiwa barabara ya Ngong mwaka 1954. Mwafrika aliingia katika mahali hapo kwa kazi ya kubeba vifaa vya wachezaji, au kufagia, au kushika farasi. Tangu mwisho wa Vita Vikuu vya Kwanza alitakiwa pia avae shingoni kipande chake, na asiyekuwa na kazi hakuwa na ruhusa ya kuzurura mjini. Tafakari, msomaji: kukaa bure, jambo ambalo kwa tajiri huitwa mapumziko, kwa maskini lilikuwa ni kosa la kumpeleka mahabusi.

Karibu sana na uwanja huo wa gofu palikuwa na msitu. Askari Wanubi, ambao asili yao ni Sudan, nao walikuwa wametumikia jeshi la King's African Rifles, walipewa ruhusa ya kukaa humo, nao wakapaita Kibra, yaani pori. Serikali ikapima eneo la ekari zipatazo elfu nne kuwa makao yao. Walilima, wakafuga, wakapanda miti ya matunda, na sikukuu zao walizifanyia nje, chini ya miti. Leo jina lao twalitamka Kibera, na msitu huo umebaki katika jina tu. Mwaka 2017 jumuiya ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya ardhi yake, ekari zilizoandikwa humo zilikuwa 288. Uwanja wa gofu ungali upo mahali pake, kijani kibichi, na mabati ya Kibera yameusogelea mpaka ukingoni.

Sasa turudi katikati ya mji, maana huko kulikuwa na mtu mmoja aliyefanya jambo la kipekee. Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856. Alikuwa mfanyabiashara aliyeipatia kampuni ya reli wafanyakazi na vyakula, na katika biashara hizo akatajirika sana. Ndiye aliyeanzisha Mombasa gazeti la African Standard, ambalo baada ya kuliuza lilikuja kuwa gazeti kubwa la nchi hii, na ndiye mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1906 alitengeneza bustani katikati ya Nairobi kwa fedha zake, akawapa watu wa mji. Ndani yake alisimamisha sanamu ya Malkia Victoria, nayo ikafunuliwa na Duke wa Connaught, mwana wa Malkia huyo.

Wako wanaomcheka Jeevanjee kwa sanamu ile, wakisema alikuwa akijipendekeza kwa watawala. Huenda ni kweli. Lakini yatupasa kuitazama zawadi yenyewe. Katika mji ambao kila kipande cha ardhi kilikuwa na rangi ya mwenyewe, Mhindi alinunua kiwanja ghali katikati ya mji akakiacha kitupu, kisiwe duka wala ghala, kikae majani na viti tu. Mfanyabiashara asiyeijenga ardhi yake ni kama mvuvi amrudishaye samaki baharini. Alikufa mwaka 1936, utajiri wake ukiwa umepungua sana, na bustani ikabaki.

Ilibaki, lakini haikuachwa salama. Mwaka 1991 wakuu wa jiji walipanga kujenga hapo maegesho ya magari pamoja na maduka. Zarina Patel, mjukuu wake Jeevanjee, aliongoza upinzani, wananchi wakamuunga mkono, na mpango ukafa. Ulifufuliwa tena mwaka 2007, ukafa mara ya pili. Katika miaka hiyo bustani ilikuwa imekwisha pata kazi ambayo mwenyewe hakuiota. Makarani na wasio na kazi walikutana hapo adhuhuri, wahubiri wakapaaza sauti pembe moja, na pembe nyingine wakakaa watu walioyaita mazungumzo yao Bunge la Mwananchi, wakijadili bei ya unga, katiba, na mambo ya mawaziri, kila mmoja akiomba nafasi ya kusema kwa adabu kuliko wafanyavyo wengi katika Bunge lenyewe. Sanamu ya Malkia iliangushwa na watu wasiojulikana mwaka 2015. Viti vikabaki, na kwa maoni yangu hasara si kubwa.

Kabla sijaendelea mbele, nizitaje kwa haraka bustani mbili nyingine. Arboretum, yaani shamba la miti la jiji, lilianza mwaka 1907 kwa sababu isiyo ya starehe hata kidogo: injini za reli zilikula kuni nyingi, na serikali ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni imeayo upesi. Mikaratusi na misonobari ikapandwa kwa majaribio. Injini zikaja zikaacha kuni. Miti ikawa mikubwa, na wapenzi na wanafunzi wasomao kwa ajili ya mtihani wakairithi. City Park, upande wa Parklands, ni sehemu ya msitu wa kale, nayo ina tumbili wanaojua kufungua mfuko wa njugu kuliko mtoto wa miaka mitano. Huko amezikwa Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965, na karibu naye rafiki yake Joseph Murumbi, Makamu wa pili wa Rais wa Kenya, aliyefariki mwaka 1990 na ambaye alitaka alale jirani na mwenzake. Wengi waendao kula chakula cha Jumapili majanini hupita makaburi hayo bila kujua.

Waafrika wa mashariki ya mji hawakungoja kupewa bustani. Huko Pangani, na baadaye Pumwani, ambako Waislamu kutoka pwani na wenyeji waliosilimu walijenga nyumba za Kiswahili, watu walikaa barazani jioni kama walivyofanya ndugu zao wa Mombasa na Lamu. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani, ilipanda treni ikafika Nairobi, vijana wakavaa sare na kuandamana barabarani kwa tarumbeta na madaraja ya vyeo. Na karibu na hapo ulikuwapo uwanja mtupu wa Kamukunji, usio na mti wala maua, ambao watu walikwenda kuwasikiliza viongozi wao. Tarehe 7 Julai 1990 watu walikwenda Kamukunji kudai vyama vingi, ingawa waliouitisha mkutano, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walikuwa wamekwisha tiwa kizuizini. Polisi waliwatawanya, machafuko yakaenea siku kadhaa, na watu wengi wakafa. Siku hiyo, Saba Saba, yakumbukwa hata sasa. Uwanja ule hauna uzuri wowote wa macho, na hapana uwanja wa Nairobi uliozaa mambo makubwa zaidi ya huo, ila mmoja.

Huo mmoja ni Uhuru Park. Baada ya uhuru wa 1963 serikali mpya iliona haya kwamba mji mkuu wa Waafrika hauna bustani waliyoitengenezewa wao. Palikuwa na mteremko wa majani kati ya mji na kilima penye hospitali na nyumba za wakubwa. Hapo pakachimbwa ziwa dogo, pakapandwa miti, pakatengenezwa njia, na tarehe 23 Mei 1969 Rais Jomo Kenyatta akapafungua kwa watu wote. Bustani ina ukubwa wa karibu hekta 13. Kwa mara ya kwanza baba aliyetoka Kibera au Kawangware aliweza kuwaleta watoto wake katikati ya jiji, wakapanda mashua ziwani, wakanunua mahindi ya kuchoma, wakapigwa picha moja ya familia na mpiga picha wa bustanini, wakarudi nyumbani jioni miguu ikiwauma kwa furaha. Nyumba nyingi za Nairobi zina picha hiyo ukutani: mtoto amesimama wima kama askari, na nyuma yake maji.

Basi mwaka 1989 ilijulikana kwamba chama kilichotawala, KANU, kikishirikiana na wawekezaji wa nje, kilikusudia kujenga humo jumba la ghorofa 60. Lingekuwa na ofisi za chama, gazeti lake la Kenya Times, maduka, kumbi, na maegesho ya magari elfu mbili, na mbele yake sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama ilitajwa kuwa dola milioni 200 za Marekani, ambazo sehemu kubwa ingekuwa deni la nchi.

Wakati huo chama kilikuwa kimoja, na aliyekipinga alijua mlango wa gereza uko wapi. Aliyekipinga alikuwa mwanamke: Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha mwaka 1977 harakati za kupanda miti ziitwazo Green Belt Movement. Silaha yake ilikuwa barua. Aliiandikia ofisi ya Rais, akaliandikia gazeti lenyewe, akawaandikia wakuu wa jiji, Balozi wa Uingereza, na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Aliuliza kama watu wa London wangekubali jumba kama lile lijengwe Hyde Park, au watu wa New York katika Central Park. Swali hilo halikujibiwa. Badala yake wabunge walisimama Bungeni mwezi wa Novemba wakamdhihaki, wakamwita mwanamke aliyeachwa na mumewe, na harakati zake genge la wanawake walioachika. Alikwenda Mahakama Kuu kuomba zuio. Mwezi wa Desemba ombi lake likatupwa. Siku ya kuadhimisha Jamhuri, Rais mwenyewe akasema, akiwa katika bustani hiyohiyo, kwamba mwanamke afuataye mila za Kiafrika angewaheshimu wanaume na kunyamaza. Kisha harakati zake zikafukuzwa kutoka katika ofisi ya serikali walimokuwa, wakahamia nyumbani kwake.

Kwa kila hesabu alikuwa ameshindwa. Mahakama ilimkataa, Bunge lilimcheka, na ua wa mabati ulikuwa umezungushwa bustanini. Lakini barua zilikuwa zimefika mbali. Wakopeshaji wa nje walianza kuuliza kwa nini nchi yenye madeni ijenge jumba refu la namna hiyo, na wawekezaji wakajitoa mmoja mmoja kimyakimya. Jumba likapunguzwa ghorofa katika makaratasi, kisha likatoweka kabisa. Mwaka 1992 ua ukang'olewa. Nawaombeni, wasomaji vijana, mtambue jinsi ushindi huo ulivyopatikana: hapana siku moja iliyotangazwa kuwa ya ushindi, wala aliyekiri kushindwa. Watu waliamka tu wakakuta njia iko wazi, wakapita.

Mwaka huohuo bustani ililipa deni lake kwa njia ya uchungu. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wazee, ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za siasa, walikuja pamoja na Wangari Maathai wakaketi katika pembe moja ya Uhuru Park, wakaanza kufunga wasile mpaka wana wao waachiliwe. Watu walikuja wakakaa nao, wakaimba, wakasimulia mateso yao wenyewe, mambo ambayo hawakuthubutu kuyasema miaka mingi. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa rungu na moshi wa kutoa machozi. Baadhi ya wazee wale wakavua nguo mbele ya askari, tendo ambalo kwa watu wetu ni laana kubwa kuliko zote mama awezayo kumtamkia mwana. Maathai alipigwa akazirai, akapelekwa hospitali. Kesho yake akina mama hawakurudi vijijini: walikusanyika katika kanisa kuu la Watakatifu Wote, hatua chache kutoka bustanini, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Kufikia mapema mwaka 1993 wana wao karibu wote walikuwa huru. Pembe ile yaitwa Freedom Corner tangu siku hizo, na ndipo mwili wa Maathai ulipoagwa na taifa mwezi wa Oktoba 2011, miaka saba baada ya kupewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mambo yaliyofuata katika bustani hiyo mwayajua, au wazazi wenu wayajua kwa kuwa walikuwapo. Mwai Kibaki aliapishwa humo tarehe 30 Desemba 2002, watu wakiwa wamepanda hata juu ya miti. Katiba mpya ilitiwa sahihi humo tarehe 27 Agosti 2010. Bustani ilifungwa mwaka 2021 kwa matengenezo ya muda mrefu, na tarehe 7 Julai 2024 vijana walikusanyika humo kuwakumbuka wenzao waliouawa katika maandamano ya mwezi uliotangulia. Lau lile jumba la ghorofa 60 lingejengwa, sijui mambo hayo yangefanyika katika maegesho yapi.

Kisa cha msitu wa Karura, upande wa kaskazini, kinafanana na hiki, nami sitakirefusha. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000, nao katika miaka ya 1990 ulianza kugawiwa kwa siri watu wenye nguvu. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai na wenzake walikwenda langoni kupanda mti, wakashambuliwa na walinzi wa kukodiwa, yeye akapasuliwa kichwa. Alipopelekwa polisi kuandikisha malalamiko, aliitia sahihi karatasi kwa alama ya damu yake. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana, na mwezi wa Agosti mwaka huo Rais akapiga marufuku kugawa ardhi ya umma. Leo watu hukimbia na kuendesha baiskeli katika msitu huo, kwa kulipa ada langoni.

Wala hatari haikuisha pamoja na karne ile. Mwaka 2019, barabara ya juu itokayo Mlolongo mpaka Westlands ilipokuwa ikipangwa, ilitangazwa kwamba kipande cha Uhuru Park kingekatwa. Makelele yakawa mengi, Wanjira Mathai, binti wa Profesa, akiwa miongoni mwa waliosema, na mchoro ukabadilishwa. Mwaka 2020 barabara hiyohiyo ilikutana na mgumo mkubwa kando ya Waiyaki Way, mti mrefu kama nyumba ya ghorofa nne, ukasemekana una umri wa zaidi ya miaka mia. Wahandisi walitaka kuung'oa wakaupande mahali pengine, kana kwamba ni mche wa mchicha. Safari hii amri ya Rais ikauokoa, na barabara ikaupisha.

Mpaka hapa nimesimulia habari za bustani zilizookolewa, na msomaji aweza kudhani kwamba kila penye watu wa kusema pana bustani ya kubaki. Tutazame basi upande wa kusini wa Kibera, penye lile liitwalo Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka 1953 kwa kuuziba mto Motoine, ili liwe akiba ya maji ya mji, nalo lilikuwa na ukubwa wa ekari zipatazo 88. Wenye mashua za tanga walianzisha klabu yao hapo, wakashindana Jumapili, na watoto wa Kibera wakavua samaki na kuogelea upande wa pili. Kwa miaka ilikuwa ndiyo bahari ya pekee ya Nairobi. Lakini Kibera ilikuwa ikijaa watu waliokuja kutafuta kazi, na hakuna aliyewachimbia mifereji ya uchafu. Kila kilichomwagwa vichochoroni kilitelemka bondeni. Gugu maji likaota, likatanda, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 mashua zilikuwa zimekwisha kuondoka, maji hayaonekani tena. Hakuna aliyelinyakua bwawa hilo kwa hati ya uongo mpaka likafa. Lilikufa kwa kuachwa. Mtu hawezi kuuandikia uchafu barua ya kuulaumu, na ubalozi gani uupelekee nakala?

Hata hivyo wenyeji hawakukata tamaa kabisa. Tangu mwaka 2006 wasanifu wa shirika la Kounkuey Design Initiative wamekuwa wakikaa pamoja na watu wa Kibera na kutengeneza viwanja vidogo kandokando ya vijito vilevile vichafu: ukingo umejengwa kwa mawe, pana mahali pa kufulia nguo, vyoo, na nafasi ya watoto kucheza. Viwanja hivyo ni vidogo mno, na hakuna rais aliyepata kuapishwa katika kimojawapo. Nimevitaja kwa sababu ni vya watu wasiohitaji nauli ili kuvifikia.

Maana nauli ndiyo lango la kwanza la kila bustani niliyoitaja. Mtu wa Kawangware apandaye nambari 46 hushuka kwa Valley Road, na Uhuru Park iko hapo chini. Lakini akiwa na mke na watoto watatu, kwenda na kurudi ni fedha ya unga wa siku kadhaa. Na kwa nini Kawangware yenyewe haina bustani? Hapa historia ina jibu lake, nalo si wizi. Dagoretti yote ilikuwa sehemu ya hifadhi ya Wakikuyu wa Kiambu, mashamba madogo ya watu binafsi, ambayo yaliingizwa katika mipaka ya jiji wakati wa uhuru. Wasemao lugha hiyo watakuambia kwamba ngware ni yule ndege tumwitaye kwale, na wengi husema jina la mahali limetoka kwake. Hapo palikuwa vichaka na mahindi. Mji ulipokuja, kila mwenye shamba alijenga vyumba vya kupangisha mpaka kwenye mpaka wa jirani, kama ilivyokuwa haki yake. Hapakuwa na ardhi ya serikali ya kunyakuliwa, wala ya kuokolewa. Hapakuwa na Jeevanjee.

Kwa hiyo Jumapili mpira huchezwa katika viwanja vya shule, mwalimu mkuu akikubali. Wanawake huketi mlangoni wakisukana nywele, miguu yao ikichukua nusu ya kichochoro. Wanaume hukusanyika kando ya kituo cha Hamsini na Sita, penye vibanda, wakaweka ubao wa drafti juu ya kreti, na kete zao ni vizibo vya soda, vingine vimelala chali, vingine kifudifudi. Watazamaji husimama nyuma ya wachezaji mpaka taa zinapowashwa, na matatu ikitaka kugeuza, wote hunyanyuka na ubao wao, wakaipisha, kisha wakakaa tena.